Maswali na majibu ya isimu: Kwa nini golodh hainipi noldo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napenda sana lugha za Kielfu, za Waelfu wa hadithini, alizobuni J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, na nimeandika programu ndogo inayorudisha nyuma mabadiliko ya sauti. Naingiza neno la Sindarin, mojawapo ya lugha hizo, inanipa umbo la lugha mame, yaani lugha ya kale iliyozizaa, kisha inalishusha umbo hilo hadi Quenya, lugha dada ya Sindarin. Neno galadh, "mti", lilinipa galadā, halafu alda, sawasawa na lilivyo. Lakini golodh, jina la Mwelfu wa ukoo mmojawapo, limenipa golodā, halafu olda, wakati najua kwa Quenya ni noldo. Nimezipitia kanuni zangu zote sioni kosa. Rafiki yangu ananishauri niachane nazo nitumie kigeuzi cha mtandaoni. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kanuni zako ni nzima. Kilichokupoteza ni kuamini kwamba kanuni inayoteremka kutoka lugha mame inaweza kugeuzwa, ipande, na ikufikishe pale pale ilipoanzia. Barua nyingi ninazopata kuhusu lugha za kubuni zimesimama juu ya imani hiyo. Na hicho kigeuzi cha rafiki yako kimejengwa juu yake pia, ila chenyewe hakikuonyeshi kinapokosea.

Tazama g ya mwanzo. Katika lugha mame ambayo Tolkien aliiweka nyuma ya Quenya na Sindarin, palikuwa na g tupu, na palikuwa na g iliyotanguliwa na nazali (sauti ya puani), yaani ng tunayoanza nayo tukisema ngoma. Sindarin iliidondosha nazali hiyo mwanzoni mwa neno, sauti mbili zikawa g moja. Quenya ikashika njia nyingine: g tupu iliifuta kabisa, na ile ng ikalainika ikawa ng' ya ng'ombe, mwishowe n. Ndiyo maana *galadā (kinyota ni alama ya umbo lililokisiwa) imezaa galadh huku na alda kule, lakini *ngolodō imezaa golodh huku na noldo kule. Ukisimama upande wa Sindarin peke yake, g hizo hazina tofauti yoyote. Ukishachanganya unga wa muhogo na wa mahindi, hakuna chekecheo litakaloutenganisha. Programu yako ilipokutana na g ilijichagulia asili moja bila kukuambia kwamba ipo nyingine. Na ile ā ya mwisho iliyokupa ni ya kubahatisha vilevile, kwa sababu Sindarin ilikata irabu za mwisho.

Si g tu. Bess, "mwanamke", na bar, "makao", yote ya Sindarin, yanaanza kwa b. Quenya inakuonyesha vessë, "mke", kwa la kwanza na mar kwa la pili, kwa kuwa moja lilianza kwa b na jingine kwa mb. Dû, "usiku", linakwenda na lómë, lakini dôr, "nchi", linakwenda na nórë: la kwanza lilianza kwa d, la pili kwa nd. Mswahili ana bahati katika jambo hili. Mbwa, ndizi na ngoma tunayatamka tangu utotoni, na sikio letu halihitaji kufundishwa kwamba mb ni sauti inayoweza kuanza neno na kuwa na historia yake.

Wala usidhani ukianzia Quenya utasalimika. R iliyo kati ya irabu mbili katika Quenya inaweza kuwa r tangu mwanzo, au ilikuwa s (olos, "ndoto", kwa wingi ni olori), au ilikuwa d (mzizi sed- umetoa sérë, "utulivu"). Asili tatu, sauti moja. S ya mwanzo nayo ina asili mbili: sírë, "mto", kwa Sindarin ni sîr, lakini mfalme anayeitwa Singollo kwa Quenya, kwa Sindarin ni Thingol, kwa sababu s yake ilikuwa th, kama ya thamani.

Anayedhani haya ni matatizo ya Waelfu pekee ayatazame maneno jua na mvua. Yote yanaishia -ua. Mnyarwanda anasema izuba na imvura. Kwa hiyo jua limepoteza b, na mvua limepoteza sauti ambayo kwa Kinyarwanda ni r na kwa Kichewa, mvula, ni l. Mpe mtu Kiswahili peke yake, mwambie akurudishie konsonanti iliyopotea. Hawezi, awe profesa au awe na kompyuta ya namna gani, kwa sababu habari hiyo haimo tena ndani ya Kiswahili. Imo kwa ndugu zake. Wanaisimu Meinhof, na baadaye Guthrie, walipounda upya maumbo ya Kibantu cha kale hawakupindua kanuni za lugha moja. Walizikalisha lugha nyingi pamoja zikatoa ushahidi. Tolkien, ambaye alikuwa profesa wa Oxford kuanzia 1925 hadi 1959, alizijenga lugha zake kwa elimu hiyo hiyo ya ulinganishi. Hazitafunguka kwa njia ya mkato.

Sasa programu yako. Iache ipande, lakini isipande kwa mguu mmoja. Kila sauti iandikie asili zake zote zinazowezekana, na kwa golodh itoe maumbo yote: yenye g, yenye ng, na kila irabu ya mwisho unayoiruhusu. Halafu yashushe yote, moja moja, hadi Sindarin na hadi Quenya, ubakize yale yanayotua sawa pande zote mbili. N ya noldo inaweza kutoka kwa n, kwa nd au kwa ng. G ya golodh inaweza kutoka kwa g au kwa ng. Zinapokutana ni kwenye ng tu. O ya katikati umepewa na Sindarin, maana Quenya iliimeza. O ya mwisho umepewa na Quenya. Hakuna shahidi aliyejua neno zima.

Angalia pia mpangilio wa kanuni. Katika Quenya, d kati ya irabu iliishia kuwa r, lakini d iliyofuata l ilibaki. Basi galadā lazima iwe imepoteza a ya pili kabla d haijaguswa. Ukiigeuza foleni hiyo utapata alra badala ya alda, na kila kanuni itakuwa sahihi ikisimama peke yake.

Kabla ya yote hayo, tazama kama mwenye lugha hakukujibu mwenyewe. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya lugha za kubuni na zetu: hakuna aliyetuandikia Kibantu cha kale, lakini Tolkien aliandika mizizi yake. Katika orodha aliyoiandaa miaka ya 1930, ambayo mwanawe Christopher aliichapisha 1987, mzizi wa neno lako umo, na nazali yake mbele. Hata bila orodha hiyo, fungua Kiambatisho E cha The Lord of the Rings, cha mwaka 1955. Herufi ya 19 ya maandishi ya Kielfu inaitwa noldo, na imeelezwa hapo kwamba jina lake la zamani lilikuwa ngoldo.

Kinachoniudhi kuhusu vigeuzi ni kwamba vinaficha shaka. Kosa linaweza kurekebishwa; shaka iliyofichwa hairekebishiki, kwa sababu hakuna anayejua kwamba ipo. Katika taaluma hii umbo lililoundwa upya huwekewa kinyota mbele ili msomaji ajue halikukutwa mahali, limekisiwa. Vigeuzi na wale wanaouza "jina lako kwa Kielfu" wanakifuta kinyota hicho. Neno la kukisia linaingia kwenye orodha kama neno la Tolkien, orodha inanakiliwa, baada ya muda mtu mwingine anajenga kisio juu ya kisio. Watu huniletea maneno waliyokwisha kuchorwa mwilini wakitaka niyathibitishe, na hayana mzizi wowote nyuma yake.

Wengine wanachanganya na miaka. Lugha tunayoiita leo Sindarin, miaka ya 1930 iliitwa Noldorin, na baadhi ya kanuni zake zilikuwa nyingine. "Ulimi" katika orodha ile ni lham. Katika Sindarin ya baadaye ni lam, bila pumzi ile ya mwanzo. Ukichukua kanuni za 1937 ukaziendesha juu ya maneno ya 1955, unaunda mama wa mtoto ambaye hakuzaliwa naye.

Kwa hiyo ongeza safu mbili katika faili lako: moja ya mwaka wa chanzo cha kila neno, nyingine ya kinyota kwa kila umbo ulilolikisia wewe. Neno la Sindarin linaloanza kwa b, d au g, ambalo halina ndugu wa Quenya wala mzizi ulioandikwa, liachie maumbo yake yote mawili katika matokeo. Usichague.