Bunduki ya Chekhov ibaki au iondoke? Maswali yenu nayajibu

Tangu litolewe pendekezo la kubadili jina la mbinu ya "Bunduki ya Chekhov" kwenye ile wiki yetu ya mbinu za hadithi, yaani tovuti ambayo kila mtu anaweza kuongeza mifano yake, watu hawalali, na mimi kwa baridi hili la Mbeya nimejifunika blanketi najibu moja baada ya jingine, msinune kama lako nimelipitia haraka.

Kaka, jina hilo dunia nzima inalijua, nyie mnataka kubadili ili iweje? (Uyole)

Dunia nzima ipi bana? Juzi nilikuwa Mwanjelwa kwa fundi viatu, namsubiri amalize kushona soli yangu, kwenye benchi wamekaa madogo wawili wa fomu foo, nikawauliza Bunduki ya Chekhov ni nini. Wa kwanza kafikiria weee akasema ni silaha ya Warusi kama AK-47. Mwenzake akamcheka, akasema Chekhov si yule kipa! Kipa wa timu gani hata yeye hakujua.

Chekhov alikuwa mwandishi wa Urusi, na mwaka 1889 aliandika kwenye barua kwamba usiweke jukwaani bunduki yenye risasi kama hakuna mtu atakayeifyatua. Basi, ni hivyo tu, yaani kitu ukikionyesha mwanzoni kije kifanye kazi mbele. Nilipowaeleza hivyo yule wa kipa akadakia, "aah kama kwenye bongo muvi, hausigeli akionyeshwa anaficha ufunguo chini ya sufuria ujue huo ufunguo utarudi." Sasa umeona? Mbinu dogo anaijua tangu zamani, jina ndo linamfungia mlango. Mimi nilikuwa napigia debe "Bunduki Ukutani", Chekhov tunamtaja ndani kwenye maelezo na heshima yake inabaki palepale.

Bunduki Ukutani si ndo watu watajaza kila hadithi yenye bunduki? (Tukuyu)

Hapa ndugu yangu umenibana na nakubali umenibana. TV Tropes, ile wiki ya Marekani iliyoanza 2004, wao jina halibadilishwi kwa sababu tu mtu kalichoka, wanachukua sehemu ambazo jina limetumika, angalau 50, wanazisoma moja moja waone watu wamelielewa au wamelikisia tu. Walikuwa na jina "Nakama", neno la Kijapani, watu wakawa wanaliweka popote penye marafiki wawili wanaokunywa soda pamoja, wakati mbinu yenyewe ilikuwa kundi lililoshikana kama ndugu wa damu. Wakalifuta wakaweka la Kiingereza lenye maana ya wenza wa kweli, na hakuna aliyekufa.

Basi na mimi nikakaa usiku nikapitia mifano yetu. Jamani. Kuna mtu kaweka vita ya Lugalo ya 1891, Mkwawa na Wajerumani, eti kwa sababu kulikuwa na bunduki! Ile ni historia ya watu waliokufa kweli, haijatungwa na mtu aliyepanga bunduki ionekane sura ya kwanza. Wengine wameweka sinema za majambazi mwanzo mwisho. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye neno bunduki lenyewe, Chekhov nimemwonea, na jina langu la Bunduki Ukutani nalo linaangukia shimo lilelile.

Kamwene. Nimelea watoto wawili ambao sikuwazaa, sasa hivi wako sekondari wananiita mama. Mbinu inaitwa "Mama wa Kambo" na ndani yote ni ukatili. Hilo hamlioni? (Ipogolo, Iringa)

Kamwene mama. Tunaliona, na kwa maoni yangu hili lilitakiwa litangulie kabla hata ya bunduki. Jina linachukua watu wote wa namna yako linawabebesha tabia ya mmoja. Mbinu yenyewe ni ya yule mkatili, basi ukatili uandikwe kwenye jina, "Mama wa Kambo Mkatili", na wewe uliyelea vizuri unakuwa nje ya hiyo stori.

Afu kuna kitu nikwambie, wale ndugu wawili Grimm wa Ujerumani waliokusanya ngano, kwenye toleo lao la 1812 la Hansel na Gretel yule aliyetaka watoto watelekezwe msituni alikuwa mama mzazi kabisa, matoleo ya baadaye ndo wakamgeuza mama wa kambo. Mzazi kafanya, kambo kabebeshwa.

Mkibadili jina, linki za zamani zitakufa? (Vwawa)

Hazifi. Jina la zamani linabaki kama mlango wa nyuma, ukilibonyeza linakupeleka kwenye jipya. Hata wasomi wa ngano wanafanya hivyo kwa njia yao, ile orodha ya aina za ngano aliyoianza Aarne wa Finland 1910, Thompson akaipanua, ilipofika kwa Uther 2004 akarekebisha majina mengi ila namba zikabaki, 510A bado ni Sinderela, yule binti wa jikoni na kiatu chake.

Na "Paukwa" je? Huku kwetu hakuna bibi aliyesema paukwa, hilo ni la pwani. (Njombe)

Kweli, bibi yangu mimi alikuwa anakohoa mara mbili, anasogeza kuni, na sisi tunajua imeanza. Ila waachieni Paukwa yao. Nimepitia mifano yake, hakuna hata mmoja aliyekosea, kila mtu anajua ni ule mwito wa kufungulia hadithi na watu wanaitikia pakawa. Jina linafanya kazi, la nini kuligusa?

Sasa jina jipya la bunduki ni lipi, mbona unazunguka? (Makambako)

Mnamkumbuka yule fundi viatu niliyemtaja kule juu, mkadhani nimemweka kunogesha tu? Dogo alipomaliza habari ya ufunguo na sufuria, fundi hata kichwa hakuinua, uzi uko mdomoni, akasema, "Hicho hakiwekwi bure."

Nimelipeleka hivyohivyo: "Hakiwekwi Bure".