Dereva wa bodaboda, gunia la korosho na mama mzazi: nani anajibu kosa la nani?

SWALI: Ndugu mwanasheria, mdogo wangu mwenye umri wa miaka 22 anaendesha bodaboda hapa Tandahimba. Usiku mmoja wa msimu huu wa korosho aliwapakia watu wawili mishikaki hadi karibu na ghala la chama cha msingi, akaambiwa asubiri. Waliporudi walikuwa na gunia la korosho, na mlinzi alikuwa amepigwa panga, sasa amelazwa. Mdogo wangu akaondoka na mmoja wao pamoja na gunia, yule mwingine akatokomea kwa miguu. Mmoja amekamatwa na amemtaja. Yeye anasema hakuiba wala hakumgusa mtu. Mama amemficha Mikindani na anataka avuke Ruvuma aende Msumbiji, na baba ameshikiliwa kituoni mpaka mtoto apatikane. Sheria inasemaje?
Dada mtu, Tandahimba

JIBU: Dada yangu, poleni kwa yaliyowafika. Nianze na mdogo wako, maana hapo ndipo penye uzito. Kauli yake kwamba hakuiba wala hakumgusa mlinzi, hata ikiwa ni kweli tupu, haimtoi hatiani peke yake. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hakimhesabu mtenda kosa kuwa ni yule tu aliyetia mkono, bali pia kila aliyefanya jambo lolote kwa lengo la kumwezesha au kumsaidia mwenzake kulitenda, na hata aliyeshawishi au kutuma. Kifungu cha 23 kinakwenda mbali zaidi: watu wakiwa na nia ya pamoja ya kutimiza azma haramu, na katika kuitimiza likatendeka kosa ambalo lingetazamiwa kutokana na azma hiyo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Kwa hiyo, ikiwa alijua wanakwenda kuiba kwenye ghala lenye mlinzi, na panga aliliona, kusema "nilijua ni wizi tu" hakutamfikisha mbali. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Hata hivyo, dereva aliyebeba abiria bila kujua wanakwenda kufanya nini hana kosa, na kuwapo tu mahali pa tukio si ushirika. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba alijua. Kwa kuwa kilichomo moyoni hakionekani, mahakama itakisoma katika mambo madogo madogo ya usiku ule: alilipwa nauli ya kawaida au mara kumi yake, aliacha taa ya pikipiki ikiwaka au aliizima, ni nani aliyempigia simu jioni ile. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni safari ya kurudi, kwa sababu mtu anaweza kwenda bila kujua lolote na akarudi akijua, na nia ya pamoja inaweza kuzaliwa palepale. Kama aliondoka na lile gunia kwa kutishiwa panga, huo ni utetezi unaotambuliwa na sheria, mradi tishio liwe la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, na lidumu muda wote alipokuwa akifanya alichofanya. Tishio la dakika moja, kisha mwendo wa saa nzima akiwa na nafasi ya kukimbia, halitoshi.

Kuhusu kutajwa, msikate tamaa. Maungamo ya mshtakiwa mmoja yanaweza kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini Sheria ya Ushahidi hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa maungamo hayo peke yake.

Mama yenu yuko katika hatari asiyoiona. Anayempokea au kumsaidia mtu huku akijua kwamba ametenda kosa, ili akwepe adhabu, anakuwa na kosa lake mwenyewe. Sheria inamwondoa katika kosa hilo mke anayemficha mumewe, au mume anayemficha mkewe. Mama hakutajwa, wala dada, na binafsi naona mtunga sheria alikuwa mgumu mno hapo, lakini ndivyo ilivyo. Kumvusha Ruvuma kutamwongezea mama kesi, na kutaupa upande wa mashtaka hoja kwamba kijana alikimbia kwa sababu alijua alichofanya.

Baba, kwa upande wake, hana la kujibu. Hakuna sheria inayoruhusu mzazi ashikiliwe kama rehani ya mtoto mtu mzima, na Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa uhuru wake isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Nendeni kwa mkuu wa kituo mkiwa na wakili au msaidizi wa kisheria, mwulize kwa maandishi baba anatuhumiwa kosa gani, na kama hakuna, ombeni aachiwe siku hiyohiyo. Mdogo wako aonane na wakili kwanza, kisha aende naye kituoni akiwa na simu yake, bila kufuta ujumbe wala rekodi ya malipo hata moja.