Chunjua sugu za vidoleni na nyayoni

Pole, dada. Kama chunjua zimegoma hata baada ya kugandishwa kwa baridi mara kadhaa, kabla hujakubali tena muulize daktari wa ngozi kuhusu difensiproni, dawa ya kupaka inayosababisha mzio kwa makusudi. Haiui virusi vyenyewe vinavyoleta chunjua. Inaichokoza kinga ya mwili ivione. Kwanza unapakwa kidogo mkononi ili mwili ujenge mzio. Baada ya wiki mbili hivi wanaanza kupaka dawa hafifu sana juu ya chunjua, wakiiongeza nguvu taratibu. Utawashwa na kuwa mwekundu, na hiyo ndiyo kazi yake. Malengelenge makubwa yakitokea, rudi kliniki. Ni miezi, si siku. Ukiwa mjamzito, iache. Na wembe, tafadhali, weka mbali: kuzikwangua kunazisambaza.