Re: Kwa nini gesi iingizwe na mafuta yatokee kisima kilekile?

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye sheli (mwamba wa tope lililoganda, wenye mafuta ndani yake) gesi haiingizwi kisima kimoja ili isukume mafuta hadi kingine, kama kwenye miamba ya mchanga. Sababu kubwa ni ubanifu wa mwamba, yaani haupitishi vitu kwa urahisi. Vitundu vyake ni vya nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), kwa hiyo gesi haiwezi kusafiri mita mia ndani yake kwa muda wa maana. Ikikuta ufa unaounganisha visima viwili, itapita humo moja kwa moja na kuyaacha mafuta palepale. Kwenye sheli ya Bakken, kule North Dakota, Marekani, baadhi ya majaribio ya mwanzo yalikwama hivyo.

Ndiyo maana kwenye sheli ya Eagle Ford, Texas, kisima kilekile hutumika kwa zamu. Kompresa (mashine ya kugandamiza gesi) husukuma ndani gesi inayotoka eneo hilohilo, hasa methani yenye ethani kiasi, kwa wiki kadhaa hadi shinikizo lipande sana. Kisima hufungwa kwa muda. Gesi hupenya kutoka kwenye nyufa, huyeyuka ndani ya mafuta, na mafuta huvimba na kuwa mepesi. Kikifunguliwa, mafuta hutoka pamoja na gesi, ambayo hukusanywa na kurudishwa tena.

Mwaka 2016 kampuni ya mafuta ya EOG Resources ilitangaza kutarajia nyongeza ya asilimia 30 hadi 70 juu ya mavuno ya kawaida. Usidanganyike na ukubwa wa namba hizo: bila kuingiza gesi, sheli hutoa chini ya asilimia 10 tu ya mafuta yake, na nyongeza hiyo huhesabiwa juu ya kiasi hicho kidogo.

Mimi ningeanza kwa kukagua visima jirani. Gesi ikivuja huko, shinikizo halipandi, na gharama ya kompresa inapotea bure.