Mchongo Ukitiki Ndipo Hadithi Inapoanza

Naandika hadithi za uhalifu mwaka wa kumi na nne huu, nyingi nikiziuza sehemu kwa sehemu kwa wasomaji wa WhatsApp, na vijana wanaoanza hawaachi kunitumia miswada niipitie. Karibu nusu ya miswada hiyo ni hadithi moja: marafiki wanne au watano, benki au duka la sonara, usiku mmoja, halafu wanageukana. Hadithi yenyewe siichoki hata kidogo. Kinachonichosha ni kurasa 60 za kupanga wizi, kurasa 30 za kuiba, kisha kurasa 5 za mwisho ambamo watu waliokua pamoja tangu darasa la kwanza wanamiminiana risasi kwenye godauni eti kwa kuwa mmoja "aliingiwa na tamaa".

Jamani, tamaa walikuwa nayo wote tangu mwanzo. Ndiyo iliyowapeleka kuiba.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Mswada wangu wa kwanza mhariri aliurudisha bila maneno mengi. Pale rafiki anapomchoma mwenzake kwa polisi alikuwa ameandika ukingoni kwa kalamu nyekundu: "Kabla ya hapa, alikuwa anamdai nini?" Nilinuna wiki nzima. Nilipoufungua tena nikaona ana haki. Katika kurasa 210 hapakuwa na mtu anayemdai mwenzake hata hela ya vocha. Umewahi kukaa na marafiki watano wasiodaiana kitu?

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, kaa usome kesi moja ya kweli hadi uijue kama jina lako. Mimi huwaelekeza watu kwenye wizi wa Brink's, kampuni ya kusafirisha na kulinda pesa, mjini Boston, Marekani, wa tarehe 17 Januari 1950. Wezi walikuwa 11. Kwa miezi waliingia jengo la kampuni hiyo usiku kwa usiku, wakachomoa mitambo ya vitasa kimoja kimoja, wakaipeleka kuchongewa funguo na kuirudisha kabla hakujakucha. Siku yenyewe waliingia saba, wamevaa vinyago na makoti yanayofanana, wakawafunga wafanyakazi kamba, na haikufika nusu saa wakatoka na zaidi ya dola milioni 1.2 za noti, mbali na hundi na karatasi nyingine za malipo. Polisi hawakuambulia cha maana. Sheria ya jimbo la Massachusetts ilitoa miaka sita ya kufungua mashitaka ya wizi ule, kwa hiyo kazi iliyobaki kwa wale jamaa ilikuwa moja tu: kunyamaza mpaka tarehe 17 Januari 1956.

Mwandishi mchanga ataishia hapo na kutafuta mtu mwenye tamaa. Wewe tazama hesabu. Mmoja wao, Joseph O'Keefe, alipata mgawo wake, karibu dola laki moja. Akachukua kidogo cha matumizi, zilizobaki akampa mwenzake amtunzie. Miezi michache baadaye akakamatwa Pennsylvania kwa kosa jingine kabisa, akafungwa. Aliporudi kuulizia pesa zake akaambiwa nyingine ziliibwa zilikofichwa, na nyingine zimelipa mawakili wake. Soma tena jibu hilo taratibu. Unaweza kuthibitisha ni uongo? Nani atakwenda kituoni kuripoti kwamba pesa za wizi zimeibwa? Na kweli mawakili walikuwepo, na kweli wanalipwa. Jibu la namna hiyo linamchoma mtu kuliko tusi, maana halimpi pa kushika.

O'Keefe akadai, wakampiga chenga. Mwaka 1954 akamteka mmoja wao, shemeji wa kinara wa kundi, akadai fidia. Akapewa sehemu tu. Wenzake sasa wakamwona ni hatari. Mwezi Juni mwaka huo wakamleta mtu wa kukodi, akammiminia risasi mitaani, akamjeruhi lakini hakufa. Akarudi gerezani kwa makosa mengine, anakaa peke yake, maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wanakuja na kumkumbusha mambo. Tarehe 6 Januari 1956 akaanza kuongea. Tarehe 12 wenzake wakaanza kukamatwa, zimebaki siku tano tu za ile miaka sita. Wanane wakatiwa hatiani. Katika zile pesa taslimu, zilizopatikana hazikufika dola 60,000.

Sasa nionyeshe msaliti ni nani. O'Keefe atakuambia alidhulumiwa. Aliyetunza pesa atakuambia alimlipia wakili na bado analaumiwa. Kinara atakuambia shemeji yake alitekwa, ulitaka afanye nini? Kila mtu ana kesi ambayo angeweza kusimama nayo mbele ya wazee wa mtaa. Hapo ndipo kalamu yako inapotakiwa kukaa, siyo kwenye mlipuko wa mlango wa benki.

Kwetu huhitaji hata benki ili ulione jambo hili. Kaa kwenye kikao cha VICOBA, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu, wala yeyote kati yao hatunzi sanduku. Siku moja nilikaa pembeni nikimsubiri mama mmoja amalize kikao. Mshika ufunguo wa pili alichelewa dakika arobaini. Hakuna aliyesema kitu. Alipofika, akaomba radhi kwa msiba, wakampa pole, sanduku likafunguliwa, mhasibu akahesabu. Zikatimia. Kisha mama mmoja mzee, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Mwanangu, hebu hesabu tena." Yule mshika ufunguo akainamisha uso, akaanza kukwangua rangi ya kucha zake. Hela zilikuwa kamili na watu wale wamesali pamoja miaka, lakini kitu kilikuwa kimeshavunjika pale mkekani. Sentensi ile ya "hesabu tena" nimeiiba, nikaitumia kwenye hadithi tatu. Ukiitaka, chukua.

Jambo jingine ni uzito wa pesa. Cheka tu, mimi nilichekwa. Kwenye hadithi yangu ya pili kijana alitoroka na shilingi bilioni mbili kwenye begi la shule, amepanda bodaboda. Msomaji mmoja, keshia wa benki, akanitumia ujumbe: "Kaka, huyo kijana wako ni tembo?" Akanipigia hesabu. Noti yetu kubwa ni elfu kumi, kwa hiyo bilioni moja ni noti laki moja, yaani mabunda elfu moja ya noti mia mia. Noti moja ni kama gramu moja. Bilioni mbili zinakaribia kilo mia mbili. Niliona aibu, halafu nikaona nimeokota dhahabu. Pesa nzito haitembei na watu wote. Lazima ifichwe mahali na mtu abaki nayo. Akishabaki mmoja na wanne wakaenda makwao kulala, umepata riwaya yako bila kufyatua risasi. Watapiga simu usiku. Simu isipopokelewa mara moja tu, umeshapata sura nzima.

Mazungumzo nayo yaangalie. Mwaka 2015 wezi wazee wa London walitoboa ukuta wa zege wa chumba cha amana pale Hatton Garden, mtaa wa masonara, wikiendi ya Pasaka. Polisi wakatega vinasa sauti kwenye magari yao, na wakasikia nini? Wazee wamekaa wanawasema wenzao: fulani mwoga, fulani alituacha njiani, fulani hajui kazi. Hakuna hotuba ndefu za usaliti. Ni majungu, kama ya kijiweni. Mmoja wao baadaye aliwaonyesha polisi makaburini alikoficha fungu lake, akanyamaza kuhusu kaburi jingine lenye mzigo mkubwa zaidi, ambao polisi walikuwa wameshaupata. Andika watu wanaozungukana hivyo, kwa nusu ukweli.

Mengine nayapitia haraka. Usiwape wote majina yanayoanza na herufi moja, msomaji wa simu hana muda wa kurudi nyuma. Lugha ya kihuni iwe ya mtaa mmoja, siyo ya mitaa yote kwa mkupuo. Ukiuza kwa sehemu, wizi uwe umekwisha kufikia sehemu ya tatu. Watakaokulalamikia kwamba umeharakisha ndio hao watakaoandika "tupe mwendelezo" saa saba usiku. Na "kikulacho ki nguoni mwako" usiifanye jina la hadithi. Nimeshapokea kumi na moja zenye jina hilo.

Ukinitumia kitu wiki ijayo, usinitumie mswada mzima. Nitumie ukurasa mmoja. Watu watatu, chumba kimoja, saa kumi alfajiri, hela zimeshahesabiwa ziko kwenye viroba. Mmoja anaomba kwenda chooni, na choo kiko nje. Usiniambie anakwenda kufanya nini. Niandikie wale wawili waliobaki ndani, na muda anaochukua.