Salamu za Barua za Vitani

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Umelifungua sanduku la bibi yako, sasa unaniuliza: nilikuwa vitani Uganda, mbona barua zangu zote ni salamu na kuulizia mbuzi?

Wewe unazisoma peke yako chumbani. Bibi yako alijua hati ya Kiarabu tu, na mkubwa wetu hakupenda barua asiyoweza kuisoma, basi nikaandika kwa herufi za kizungu. Ikifika Wete, huitwa mtoto wa skuli, watu hujaa barazani, naye akasoma kwa sauti. Nimpe mtoto yule asome nini? Tuliyoyakuta Kagera, kule askari wa Amin walikopora na kuua, wakavunja na daraja la Kyaka Novemba 1978?

Na ile "mvua kubwa huku" unayodhani ni fumbo la mizinga, ni mvua, mwanangu. Magari yalizama matopeni tukayasukuma kwa mabega.

Salamu ndizo zilizokuwa habari. Niliwataja jirani mmoja mmoja, na majibu yakija natazama nani karudisha. Asiyerudisha, najua ana maradhi au hayupo tena. Bibi yako naye alinisoma vivyo hivyo. Tazama mistari ya mwisho: "Mwenzangu wa Micheweni anawasalimu sana." Kijana yule alikuwa akinisimamia begani: "Ushaniandika?" Yeye hawajui, wao hawamjui, lakini lazima awasalimu! Salamu hiyo ipo tokea barua ya kwanza. Baada ya Masaka, Februari 1979, haipo. Hapo nimejaza maneno ya karafuu.

Ile ya hati ya Kiarabu usiyoweza kuisoma ni mkono wa bibi yako. Ilinikuta baada ya Kampala kuanguka, 11 Aprili. Imeanza na karafuu vilevile, kisha: "Yule mwenzio mbona hatusalimu tena? Au mmegombana?"

Sikumjibu kwa barua. Kikisomwa kitu barazani Wete asubuhi, jioni kiko Micheweni, na wazazi wake walikuwa na haki ya kuambiwa na jeshi, si kusikia njiani. Nilimwambia bibi yako niliporudi, tukaenda pamoja kuwapa mkono wa pole.

Wazee wale wameshatangulia, ila nduguze wapo. Kwa hiyo barua hizo usizirushe kwenye makundi ya simu mpaka niende nikawaulize.

Baba yako