Ninasoma herufi zote ubaoni, kwa nini nianze dawa za kushusha kinga?

SWALI: Nina umri wa miaka 52 na nimeambiwa nina ugonjwa wa bedishoti katika macho yote mawili, na kipimo cha damu kimethibitisha kuwa nina HLA-A29, alama ya kurithi inayohusishwa nao. Bado ninasoma mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, lakini daktari anataka nianze mikofenoleti, dawa ya kushusha kinga. Je, si mapema mno?

JIBU: Si mapema. Ubao wa herufi hupima kitovu tu cha retina, lile tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, ilhali bedishoti, uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, hudhuru eneo kubwa zaidi la retina pamoja na koroidi, lile tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma yake. Jina lenyewe, lililotolewa mwaka 1980, linatokana na madoa ya rangi ya malai yanayotapakaa jichoni mithili ya marisau ya kuwindia ndege, ambayo kwa Kiingereza huitwa birdshot. Hauumi wala haufanyi jicho kuwa jekundu, hivyo wagonjwa hunijia wakilalamikia mambo mengine: vidoa vinavyoelea, shida ya kushuka ngazi usiku, au soksi nyeusi kuvaliwa pamoja na ya bluu.

Ninachokiamini zaidi ni elektroretinogramu, kipimo cha umeme ambao retina hutoa inapomulikwa. Uzi mwembamba wa elektrodi huwekwa kwenye kope ya chini, taa humweka mara 30 kwa sekunde, nasi husoma retina imejibu baada ya milisekunde ngapi. Jibu likichelewa, retina inaumia hata kama herufi zinasomeka vizuri. Likianza kuwahi tena baada ya tiba, dawa inafanya kazi.

Kuhusu HLA-A29, zaidi ya asilimia 95 ya wenye bedishoti wanayo, lakini wengi walio nayo hawaugui kamwe, kwa hiyo kipimo hicho huunga mkono kilichoonekana jichoni, hakichukui nafasi yake. Uliza pia kama kifua kikuu, kaswende na sakoidosisi (ugonjwa wa uvimbe unaoweza kushika viungo vingi) vimetafutwa, kwani huweza kuiga ugonjwa huu, na maambukizi hayo mawili ya kwanza hupata nguvu kinga ikishushwa.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hutuliza uvimbe haraka, ila ikitumiwa kwa miaka huleta mtoto wa jicho, presha ya jicho na udhaifu wa mifupa. Mikofenoleti huhitaji wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, ndiyo maana mara nyingi huanzishwa pamoja na prednisoloni inayopunguzwa taratibu, huku damu ikipimwa mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe na ini. Kama hujafanyiwa elektroretinogramu, omba ifanywe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, ili vipimo vya baadaye viwe na cha kulinganishwa nacho.